Nani Atakuja Kuutazama Mchezo wa Kisahani?

Hotuba kwa wachezaji wa frizbi na waandishi wa habari za michezo

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo. Wanahabari wenzangu, poleni na kazi, na asanteni kwa kuja siku ambayo ligi kuu inaendelea. Najua baadhi yenu mna redio sikioni sasa hivi. Bao likiingia mnipe ishara.

Walionialika wameniandikia swali: mchezo wa kisahani, huu mnaouita frizbi na wengine altimeti, unaweza siku moja kujaza viwanja na kukaa kwenye televisheni saa ya watu wengi? Wamenipa dakika arobaini, na jibu langu halihitaji hata nne. Kwa jinsi unavyoendeshwa leo, hapana. Hapa kwetu hapana, na huko Marekani ulikozaliwa pia hapana. Dakika zinazobaki nitazitumia kueleza sababu, kwa maana ninayoiona mimi siyo mnayoitaja nyinyi kila tukikutana. Mnasema tatizo ni televisheni. Mnasema ni wadhamini. Mnasema watu hawazijui sheria. Jamani, simameni nje ya Uwanja wa Mkapa mechi ikiisha, mwombeni kila anayetoka awaeleze sheria ya kuotea, halafu mniletee majibu. Watu hupenda sana michezo wasiyoijua sheria zake.

Kwa wanahabari ambao hawajawahi kuuona mchezo wenyewe, nitaueleza kwa ufupi. Ni watu saba kwa saba. Uwanja una urefu wa mita 100 na upana wa mita 37, na kila mwisho kuna eneo la kufungia lenye kina cha mita 18. Kisahani ni cha plastiki, gramu 175. Ukikidaka, huruhusiwi kukimbia nacho. Unakita mguu mmoja na kuzunguka juu yake, na anayekukaba anahesabu kwa sauti hadi kumi. Akifika kumi hujarusha, umepoteza. Kikianguka chini, kikikatwa hewani au kikitoka nje, palepale ni cha wapinzani. Mwenzako akikidaka ndani ya lile eneo la mwisho, hilo ni bao, na kwa kawaida wa kwanza kufikisha mabao 15 ndiye mshindi. Kugongana ni kosa. Na refa hakuna. Nasema tena kwa wale wa nyuma: refa hakuna, hata kwenye fainali ya dunia. Faulo wanaitana wenyewe.

Sasa tuanze na historia, kwa sababu ina hesabu ambayo sijawahi kuiona mtu akiipiga.

Mwaka 1968, katika shule ya sekondari ya Columbia iliyoko Maplewood, New Jersey, mwanafunzi aitwaye Joel Silver alisimama kwenye baraza la wanafunzi akapendekeza, nusu kwa utani, kwamba shule iwe na timu ya frizbi. Kijana huyo baadaye alikuwa mtayarishaji mkubwa wa filamu kule Hollywood, kwa hiyo msije mkasema mchezo huu ulizaliwa mikononi mwa mtu asiyejua kutafuta watazamaji. Wanafunzi wakaucheza usiku kwenye maegesho ya magari, wakaandika sheria, wakahitimu, wakaenda nao vyuoni. Tarehe 6 Novemba 1972 Rutgers na Princeton wakacheza mechi ya kwanza kati ya vyuo viwili. Rutgers wakashinda 29 kwa 27.

Mahali penyewe palichaguliwa makusudi. Tarehe 6 Novemba 1869, miaka 103 kabla, hapohapo, vyuo vilevile viwili vilicheza mechi inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya vyuo katika futiboli ya Kimarekani. Kilichokuwa kiwanja mwaka ule, mwaka 1972 kilikuwa kimewekwa lami. Rutgers walishinda 6 kwa 4. Tofauti ya mawili, mara zote mbili.

Chuo kilekile, tarehe ileile, ardhi ileile. Haya, ongezeni miaka 53 juu ya 1869. Mnapata 1922, mwaka ambao Uwanja wa Rose Bowl wa futiboli hiyo ulifunguliwa Pasadena, na Chuo Kikuu cha Ohio State nacho kikafungua wa kwake wa watu zaidi ya 60,000. Hapo hakuna televisheni. Redio yenyewe ndiyo kwanza inajifunza kusema. Ongezeni miaka hiyohiyo 53 juu ya 1972, mnapata 2025. Mwaka huo ligi ya kulipwa ya altimeti huko Marekani ilikuwa ikichezwa kwenye viwanja vidogo, vingi vya shule na vyuo, watazamaji mamia, na kwa timu yenye bahati elfu moja na kitu. Huku televisheni ipo, intaneti ipo, na kila mwenye simu ana kamera.

Nini kilichowatofautisha? Mtu aliyejaza Rose Bowl hakwenda kuangalia ufundi. Alikwenda kwa sababu chuo chake, au cha kaka yake, au cha jimbo lake, kilikuwa kinacheza na watu aliokuwa hawataki kuwasikia. Aliingia pale akiwa tayari na upande. Hilo ndilo neno langu la leo, na yote nitakayosema baada ya hapa yanalizunguka: mtazamaji ni mtu mwenye upande. Asiye na upande ni mpita njia aliyesimama kidogo.

Yanga wameanza mwaka 1935, Simba 1936. Bibi yangu mzaa baba alikuwa Yanga. Hakuwahi kukanyaga uwanja wa mpira, hakujua beki wa kulia anafanya kazi gani, na nina hakika asingeweza kuwataja wachezaji watatu. Alisikiliza redio. Yanga ikifungwa, jioni ile usimwombe kitu. Bibi yule ndiye uchumi mzima wa kandanda ya nchi hii. Kwa ajili yake, na wengine mamilioni kama yeye, kuna redio, kuna jezi zinazopangwa barabarani, kuna mikeka ya kubeti, kuna vibanda umiza vinavyojaa hadi watu wanachungulia dirishani. Wanaocheza mpira kwa dhati ni wachache mno ukilinganisha na wanaougombania kijiweni.

Kwenye mchezo wenu hali ni kinyume kabisa. Kila ninapokwenda kuwaangalia, mtu aliyekaa pembeni ni mchezaji anayesubiri zamu yake, au mchezaji aliyeumia, au mchumba wa mchezaji. Marekani ni hivyohivyo kwa kipimo kikubwa zaidi. Wanaotazama ni wale wanaocheza. Mchezo wa namna hiyo unaweza kuwa mtamu kupita yote duniani na bado usipate jukwaa, kwa sababu kila anayeupenda anataka kuingia ndani. Hakuna anayebaki nje kupiga kelele.

Wamarekani si wajinga, waliliona. Mwaka 2012 wakaanzisha ligi ya kulipwa, AUDL, ambayo tangu 2024 inaitwa Ultimate Frisbee Association. Walianza na timu nane zenye majina ya miji, ili mtu wa mji ule apate upande. Mwaka uliofuata ikazuka ligi ya pili kushindana nayo, ikaishi hadi 2016, ikafa. Na katika zile nane za kwanza, nyingi hazikukaa. Nyingine zilihama mji, nyingine zilihamia kwa mshindani, nyingine zilizimika tu. Hata waliokuwa mabingwa wa msimu wa kwanza, Philadelphia Spinners, walihamia ligi ya pili, na ligi ile ilipokufa na wao hawakuonekana tena. Mtu akishanunua jezi ya timu akaikosa baada ya miaka michache, hanunui nyingine. Ushabiki unataka kitu kinachokaa hadi mtu amrithishe mwanawe.

Timu moja kati ya zile nane ilinivutia kuliko mabingwa wote. Ni Detroit Mechanix. Kuanzia mwaka 2017 timu hii ilipoteza mechi zaidi ya 60 mfululizo. Msimu mzima bila ushindi, halafu mwingine, halafu mwingine. Watu wa ligi nadhani waliona aibu. Mimi niliposikia nilisema: hapa sasa pana mchezo wa kutazamwa! Nipeni ile timu niitangaze. Niambieni kuna mzee mmoja Detroit anayekwenda kila mechi, anaondoka akitukana, na wiki inayofuata amerudi. Mkinionyesha wazee mia mbili wa aina hiyo nitaondoa maneno yangu yote. Kushabikia timu inayoshinda hakuhitaji moyo. Ligi nzima ya kandanda hapa kwetu inategemea watu wanaofungwa kila mwaka na bado wanalipa kiingilio.

Sasa nije kwa refa, maana najua ndilo mnalolisubiri. Tena baadhi yenu mmekwisha kunja nyuso.

Mchezo wenu una kitu mnachokiita roho ya mchezo. Mechi ikiisha timu zinachanganyika kwenye duara moja, wanaambizana mazuri na mabaya, kisha kila timu inaipa nyingine alama: kuzijua sheria, kutogongana, kuamua kwa haki, kujizuia hasira, kuzungumza vizuri. Mambo matano, kila moja sifuri hadi nne. Kuna kikombe cha bingwa na kuna kikombe cha roho. Nimetangaza michezo mingi, na sijaona mwingine unaowapa alama waliofungwa kwa sababu ya adabu yao.

Wapo wanaosema hapo ndipo penye tatizo. Wanasema ushabiki unaishi kwa manung'uniko: refa katuuza, refa kawabeba, wamepewa penalti ya mezani. Jumatatu asubuhi vipindi vya michezo redioni vingesema nini bila refa? Ile ligi ya Marekani ilikubaliana na hoja hiyo, ikaweka waamuzi wenye vipenga. Hata hivyo walishindwa kuuacha utu wao kabisa, wakabakiza kanuni kwamba mchezaji anaweza kuutengua uamuzi wa refa ikiwa unampendelea yeye mwenyewe. Fikirieni hiyo kwenye mechi ya watani wa jadi, mshambuliaji anainua mkono dakika ya 89: "Refa, mimi sikuguswa, nimejiangusha." Angelala nyumbani kwake usiku ule?

Lakini mimi sikubali kwamba adabu ndiyo imekimbiza watu. Nawapa mfano wa snuka, ule mchezo wa kusukuma mipira ya rangi mezani kwa fimbo. Mchezaji wa snuka akigusa mpira kwa shati tu, anatarajiwa aseme mwenyewe. Wanavaa vizibao na tai, wanacheza katika ukimya wa msikitini. Na bado, mwaka 1985, fainali ya dunia kati ya Dennis Taylor na Steve Davis ilikwenda hadi mpira mweusi, yaani mpira wa mwisho kabisa, wa fremu (raundi) ya mwisho, saa sita ya usiku imekwisha pita, na watu milioni 18.5 wa Uingereza walikuwa macho mbele ya BBC2. Huko hapakuwa na faulo ya kugombania. Palikuwa na Davis, kijana asiyeshindika aliyechosha watu kwa kushinda, na palikuwa na Taylor mwenye miwani mikubwa iliyogeuzwa juu chini. Taifa zima lilishika upande. Kwa hiyo msiiuze hiyo roho yenu ya mchezo mkidhani mtapata watu. Mtaipoteza, na watu hawatakuja.

Snuka ina funzo lingine. Ilikuwa mchezo wa vilabu vya wanaume mpaka BBC2 ilipotaka kuonyesha watu faida ya televisheni ya rangi. Aliyekuwa msimamizi wa chaneli, David Attenborough, huyuhuyu wa wanyama, akaupa mchezo kipindi mwaka 1969. Mipira ya rangi, meza ya kijani, kamera moja inatosha. Mchezo ulikutana na chombo kilichoufaa.

Mchezo wa kisahani haujakutana na chombo chake. Ukiupiga picha kutoka jukwaani, kisahani cheupe ni nukta tu, na wachezaji wanaonekana wanakimbia ovyo. Kamera ikisogea karibu, unapoteza anayekimbilia nafasi upande wa pili, ambaye ndiye hadithi yenyewe. Ndiyo maana nasema msiinung'unikie televisheni kana kwamba imewanyima. Mwaka 2013 televisheni ya michezo ya ESPN ilianza kuonyesha fainali za Marekani. Kudaka kwa kuruka mbele kama golikipa kumewekwa kwenye orodha za matukio bora ya siku mara nyingi tu. Watu wanaona, wanasema "lo!", wanabadilisha chaneli. Sekunde kumi za maajabu hazimfanyi mtu akae saa mbili.

Mnisikilize kwenye hili lingine kwa makini, kwa sababu ndipo mtangazaji anaweza kuwasaidia. Kwenye mchezo wenu mabao ni mengi, na mgeni anadhani bao ni bao. Si hivyo. Timu ikifunga, yenyewe ndiyo inayorusha kisahani kwa wenzake, na hao wanaopokea, wakiwa wazuri, wanatarajiwa kufunga. Kufunga kwao si habari, ni wajibu, mfano wa mcheza tenisi kushinda gemu anayoianzisha mwenyewe. Habari ni pale waliorusha wanapopora na kufunga wao. Wachezaji wenyewe huliita breki. Mechi iliyoisha 15 kwa 13 inaweza kuwa na breki mbili tatu tu, na hizo ndizo mechi yote. Sasa mtu aliyekaa jukwaani bila kuambiwa hilo, anaona mabao 28 yanayofanana. Mngeambiwa mabao 28 ya kandanda yaliyofanana mngelala.

Na upepo! Hakuna mtangazaji yeyote wa Marekani niliyemsikia akiutendea haki upepo. Siku ya upepo mkali, upande mmoja wa uwanja ni mteremko na upande wa pili ni mlima. Kufunga ukienda na upepo ni kazi ya kila mtu. Kufunga ukiukabili upepo kunaweza kuamua mechi. Timu inajipanga kumlazimisha mpinzani arushe dhidi ya upepo, makusudi, ili akosee. Watu wa pwani hii mmekua mnajua kaskazi inavuma lini na kusi inavuma lini. Mvuvi wa Kunduchi ambaye hajawahi kushika kisahani ataielewa mechi ya Julai haraka kuliko kocha wa kandanda. Huyo ni mtazamaji. Hamjamwita.

Mwaka 2014 Wahindi walifanya jambo linalotajwa kila mara katika mazungumzo haya, la kabadi, mchezo ambao mvamizi mmoja huingia upande wa wapinzani, awaguse na kurudi kwao bila kukamatwa. Mchezo wa vumbi wa vijijini ukahamishiwa kwenye mkeka ndani ya ukumbi, taa, muziki, mvamizi akapewa sekunde 30 tu, na ikawekwa kanuni kwamba timu ikirudi mikono mitupu mara mbili mfululizo, mvamizi wa mara ya tatu lazima apate pointi au atoke. Timu zikapewa majina ya miji, mwigizaji Abhishek Bachchan akamiliki ya Jaipur ikawa bingwa wa kwanza, na waliotazama msimu ule walitangazwa kuwa milioni 435. Kriketi peke yake ndiyo ilizidi. Hata Wakenya wakajifunza kabadi na kwenda Kombe la Dunia Ahmedabad mwaka 2016.

Mnaposimuliwa habari hii mnaambiwa kuhusu taa na sekunde 30. Hamwambiwi kwamba Wahindi wengi waliwahi kucheza kabadi utotoni, na kwamba wengine waliona aibu kuipenda hadharani. Ligi iliwaondolea aibu. Kwa Mmarekani na frizbi ni karibu hivyohivyo lakini inagoma. Kampuni ya Wham-O imewauzia visahani hivi tangu 1957. Kila mtu amerusha kimoja kwenye pikiniki. Mbwa wake anakidaka. Umwambie huyo alipe kiingilio akaangalie watu wazima wakidaka kile anachodaka mbwa wake? Anacheka kwanza. Hapa kwetu kicheko hicho hakipo. Mtoto wa Mbagala akikiona kisahani kwa mara ya kwanza anakiona kikiwa kifaa cha michezo, hana kumbukumbu ya mbwa. Kwa hiyo inawezekana kabisa nchi itakayouheshimu mchezo huu kwanza isiwe ile iliyouzaa. Sisemi ni yetu. Nasema inawezekana.

Niseme kidogo kuhusu gofu ya kisahani, binamu wa mchezo wenu, kwa maana imefika mbali kwa njia nyingine. Hapo mtu anarusha kisahani kutoka mahali pa kuanzia hadi kwenye kikapu cha chuma chenye minyororo, hesabu ni ya mirusho, kama gofu. Baba yake ni Ed Headrick, aliyeanzisha chama cha wachezaji wa kulipwa mwaka 1976. Alipofariki mwaka 2002 majivu yake yalichanganywa kwenye plastiki vikatengenezwa visahani, jambo ambalo kwa mila zetu sitalitolea maoni. Mwaka 2021 mchezaji Paul McBeth alisaini mkataba wa dola milioni 10 kwa miaka kumi. Mwaka huohuo, kwenye ubingwa wa dunia huko Ogden, Utah, James Conrad akiwa nyuma ya McBeth kwa mrusho mmoja, shimo la mwisho, alirusha kutoka mita kama 75 kikaingia moja kwa moja kikapuni, wakaenda kwenye mchujo, akashinda. Video ile imezunguka dunia.

Watu husema: basi, si mnaona, hiyo imeshakuwa kubwa. Ulizeni milioni 10 zile alizitoa nani. Alizitoa Discraft, kampuni inayotengeneza visahani. Ilimlipa McBeth ili wanaomtazama wanunue visahani vyenye jina lake, na wanaomtazama ni wachezaji wa Jumamosi. Hakuna bibi yangu humo. Ni mchezo unaolishwa na wachezaji wake wenyewe, wanaishi vizuri, na sioni kwa nini waone haya. Finland wamejaza misitu yao vikapu, mtu anatoka kazini anakwenda kurusha, na wala hawahitaji jukwaa la watu 60,000. Ikiwa hicho ndicho mnachotaka, hotuba yangu ingekwisha hapa. Lakini swali lenu lilisema viwanja kujaa, kwa hiyo naendelea.

Njia ya mkato ya kupata upande ni bendera. Raga ya wachezaji saba Nairobi inalithibitisha. Mashindano yake ya Safari Sevens yalianza mwaka 1996, na kwa miaka watu wengi walikwenda kwa ajili ya muziki, nyama choma na kuonana. Wala si vibaya; sherehe ni mlango. Kisha Aprili 2016, Singapore, Kenya ikaifunga Fiji 30 kwa 7 kwenye fainali. Fiji, watu waliozaliwa na mchezo ule! Siku ile Wakenya ambao hawajui skramu ni nini walikuwa na la kusema kuhusu raga, kwa sauti kubwa.

Kwa hiyo mkinikuta nafuatilia habari za Shirikisho lenu la dunia, sababu ni hiyo. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliwatambua kikamilifu mwaka 2015. Kwa Los Angeles 2028 Shirikisho lilijitahidi, likatengeneza hata aina ya watu wanne kwa wanne ili wanamichezo wasiwe wengi. Haikusaidia. Oktoba 2023 walichaguliwa besiboli, kriketi, lakrosi, skwoshi na futiboli ya bendera. Angalieni hiyo ya mwisho: nyuma yake ipo NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani. Ilikuja na watazamaji wake mkononi. Michezo ya 2032 ni Brisbane, na Australia wana timu kali ya kisahani, tutaona.

Mna kitu kimoja ambacho kandanda haina, na mnakiuza kwa bei ya chini. Kwenye World Games, mashindano ya dunia ya michezo isiyomo kwenye Olimpiki, ambako mmekuwemo tangu Akita mwaka 2001, mnacheza wanawake na wanaume pamoja, timu moja, uwanja mmoja, kwa wakati mmoja. Michezo ya timu yenye jambo hilo kwenye kiwango cha dunia inahesabika kwa vidole. Nilipoona mara ya kwanza nilidhani wanawake watawekwa pembeni wapigwe pasi za huruma. Nikaona binti akimpora kaka wa futi sita na kurusha mita hamsini kwenda mbele. Baba anayekataa binti yake asicheze mpira atakwenda kumtazama akicheza hivyo, na atakwenda na mjomba, na mjomba atamtania baba wa timu nyingine. Mnaona upande unavyoanza? Mnapozungumza na waandishi, mnaanza na gramu za kisahani. Anzeni na hao.

Basi mimi kwa upande wangu nina ombi moja, na wanahabari waliomo humu ni mashahidi. Timu zenu zina majina ya Kizungu ya kuchekesha, wachezaji wanahama kila mashindano, leo huyu yuko huku, kesho yuko kule, ili "viwango vilingane". Kwa kucheza, vizuri. Kwa kutazamwa, ni sumu. Wekeni timu ya Temeke na timu ya Kinondoni, msizibadilishe majina, na aliyezaliwa Temeke akae Temeke hata kama wanafungwa mechi 60. Mkifika fainali, niiteni. Nitaitangaza kwa Kiswahili redioni, bila malipo, bila kamera hata moja. Nitahitaji karatasi yenye majina ya wachezaji, mitaa wanayotoka, nani alimfunga nani mara ya mwisho, na nani hawasalimiani. Na mniwekee pembeni mvuvi mmoja wa kunisomea upepo.

Naona mkono pale nyuma umesimama muda mrefu. Karibu, dada, uliza.